Uwajibikaji Migahawani Uanzie Juu

NI jambo la kawaida katika migahawa yetu mingi: mteja akitoroka bila kulipa, deni lake huandikwa jina la mhudumu aliyempelekea chakula. Sahani ikivunjika, hukatwa aliyekuwa karibu nayo. Stoo ikipungukiwa mchele, hasara hugawanywa kwa wafanyakazi wote, aliyeiba na asiyeiba. Kisha wenye migahawa husema kwamba wanajenga uwajibikaji.

Huo si uwajibikaji. Ni uonevu, tena uonevu unaozaa uzembe. Mfanyakazi anayejua kuwa atakatwa hata asipokosa hana sababu ya kulinda mali ya mgahawa. Anayejua kuwa kusema kweli ni kujipunguzia mshahara, ataficha kosa, na mchuzi uliochacha utapakuliwa mteja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi. Kifungu cha 28 kinamtaka mwajiri anayedai fidia ya hasara athibitishe kwamba imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe; amweleze kwa maandishi chanzo na kiasi chake; na ampe nafasi ya kujitetea. Makato hayo hayaruhusiwi kuzidi hasara yenyewe, wala robo ya mshahara wake wa fedha.

Hatusemi haya ili kuwatetea wazembe. Mpishi anayetoka msalani bila kunawa anahatarisha maisha ya wananchi. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilitufunza gharama ya uchafu. Mtunza fedha anayepokea fedha bila kutoa risiti anaiibia nchi. Watu hao waulizwe, waonywe, na wakikaidi wachukuliwe hatua.

Lakini ili mtu aulizwe, lazima kwanza ajue amekabidhiwa nini. Kila zamu ikabidhiane kwa maandishi. Kila kitu kinachoingia na kutoka stoo kitiwe saini. Kosa likitokea, lijadiliwe siku hiyo hiyo mbele ya wahusika, lisingojee siku ya mshahara.

Na daftari hilo limhusu meneja pia. Meneja anayewakirimu rafiki zake bila kuandika bili, kisha akawakata wahudumu upungufu unaoonekana, hana haki ya kutamka neno uwajibikaji. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza viongozi kuwa na majivuno na uonevu, na ukataka pawepo usawa kati yao na wanaowaongoza. Somo hilo linafaa hata jikoni.

Tunatoa wito kwa wenye migahawa wafute makato ya jumla, na kwa CHODAWU iwafikishie wafanyakazi wa hoteli na migahawa elimu ya haki zao pamoja na wajibu wao. Mfanyakazi asiyeonewa ndiye anayeweza kuulizwa, naye akajibu bila woga.