Mwezi Upi Unafaa kwa Safari?

Jamaa zetu wakaao mbali hutuuliza mara kwa mara: “Tuje Kongo mwezi gani?” Swali hilo ni jema, lakini halina jibu moja. Nchi yetu yaanzia nyuzi 5 hivi kaskazini ya Ikweta, nayo yafika hata nyuzi 13 kusini. Mvua hulifuata jua: jua likienda kaskazini, kusini hukauka, likirudi kusini, kaskazini nako hupata kiangazi.

Tazameni mfano. Mwezi wa Januari watu wa Buta na Isiro huanika mazao juani, na wakati uo huo Lubumbashi mvua inanyesha kwa nguvu. Mwezi wa Julai mambo hugeuka: Lubumbashi haipati mvua, na kaskazini mashamba yamelowa. Kisangani, iliyo karibu sana na Ikweta, haikosi mvua kwa muda mrefu. Basi mtu atakaye kuwaona ndugu wa Isiro na wa Lubumbashi katika safari moja, hana budi kukubali mvua upande mmojawapo.

Na sisi wa Kindu? Kiangazi chetu ni kifupi, tangu Juni hata Agosti. Huo ndio wakati tunaowashauri wageni wetu. Udongo wa barabara ya Kalima huwa mgumu, na watoto wamo katika likizo kubwa. Mvua zikirudi, lori laweza kukwama topeni siku kadhaa. Hapo fedha iliyowekwa akiba mwaka mzima huliwa njiani, na mama mzee aliyetumaini kuwaona wajukuu wake hungoja bure.

Lakini kiangazi nacho kina shida zake. Maji ya Lualaba hupungua, na vyombo viendavyo Ubundu vyapaswa kujihadhari na mafungu ya mchanga. Atakaye kwenda kwa mto asipange siku zake kwa kubana mno. Tena, atakayeendelea mpaka Lubumbashi mwezi wa Juni au Julai achukue mablanketi. Mji ule uko juu, yapata meta 1,200 toka usawa wa bahari, na usiku wake una baridi kali kwa mtoto aliyezoea joto la Maniema.

Kwa hiyo, kabla ya kununua tikiti, jamaa wakae pamoja na kujiuliza mambo matatu: Twaenda wapi? Twapita njia gani, mto, reli au barabara? Nani anasafiri nasi, mzee, mjamzito, mtoto mchanga? Kisha wampelekee habari mtu akaaye huko waendako, awaeleze hali ya njia ya mwezi huo. Kuuliza si ujinga. Tarehe ya harusi yaweza kusogezwa, mvua haisogezwi.