Muswada ukishapita ndio tunaamka!

Nimepotea kidogo, majaribio yalinibana kooni. Leo sina stori ya foleni ya bumu wala ya maji kukatika hosteli. Leo nina hasira, na nusu ya hasira yenyewe najikasirikia mimi.

Imeanzia jana jioni pale kwenye vimbweta. Jamaa mmoja wa mwaka wa tatu alipigiwa simu na kaka yake ambaye ni mwalimu, akalalamika weee kuhusu makato ya mkopo. Basi kijiwe kizima kikawaka. Bunge limetuuza, wabunge wanasinzia, nchi imeisha. Nikauliza swali moja tu: nani hapa amewahi kusoma muswada wowote, hata ukurasa mmoja? Kimya. Mmoja akajibu, "Kwani wewe umesoma?" Nikanyamaza na mimi.

Ndipo nikakumbuka nilipokuwa TP. Nilifundisha Uraia Kidato cha Pili, mada ya Bunge. Nikachora ubaoni mishale kama ilivyo kwenye kitabu: muswada, kusomwa mara ya kwanza, kamati, mara ya pili, mara ya tatu, Rais anasaini, sheria. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa sisi wananchi tunaingilia wapi?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Mnaingilia kwenye uchaguzi, kila baada ya miaka mitano." Akaandika. Jamani, yule mtoto aliandika uongo kwenye daftari, na aliyempa ni mimi.

Ukweli ni huu. Muswada wa serikali unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali kabla ya kuingia bungeni. Kusomwa mara ya kwanza ni kusomwa jina tu, hakuna mjadala. Kisha Spika anaupeleka kwenye kamati ya kudumu inayohusika. Hapo, ndugu zangu, ndipo mlango ulipo! Kamati inaita wadau, inapokea maoni ya mdomo na ya maandishi, inamhoji waziri, na inaweza kumshawishi abadilishe vifungu. Baadaye muswada unarudi ukumbini kusomwa mara ya pili, unajadiliwa, Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima kupitia kifungu kwa kifungu, halafu mara ya tatu, kura, Rais. Sisi tunaanza kupiga kelele wapi? Kwenye kura. Wengine kwenye salary slip.

Chukueni huo mkopo unaotuliza. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Wanufaika walikuwa wanakatwa 8% ya mshahara. Mwaka 2016 sheria ikarekebishwa, makato yakawa 15%, na yakawakuta hata waliokopa zamani wakijua watakatwa 8. Tuseme mshahara ni shilingi 700,000. Asilimia 8 ni 56,000. Asilimia 15 ni 105,000. Tofauti ni 49,000 kila mwezi, na kwa mwalimu anayepanga chumba hiyo inaweza kuwa kodi yake nzima.

Na marekebisho hayo hayakuja na bango lililoandikwa "Makato ya Walimu". Yalikuja ndani ya Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Hilo jina likariri. Ni kama daladala, linapakia sheria ambazo hazijuani. Ukipita mbele ya jina hilo huwezi kujua kwamba mfuko wako umekaa siti ya nyuma.

Hapa nawageukia wakubwa, maana lawama zote haziwezi kuwa zetu. Kuna kitu kinaitwa hati ya dharura. Rais akisaini hati kwamba muswada ni wa dharura, ule muda wa kawaida unafupishwa. Sikatai, nchi inaweza kupata dharura ya kweli. Lakini Juni 2019 uliletwa kwa hati ya dharura muswada wa marekebisho uliogusa sheria nane kwa mpigo: makampuni, mashirika yasiyo ya kiserikali, vyama vya kijamii, takwimu, filamu na michezo ya kuigiza, hakimiliki, wadhamini, uwakala wa meli. Niambieni, dharura ya michezo ya kuigiza ni ipi? Moto ulikuwa unawaka jukwaani? Wadau walipewa siku za kuhesabu kwa vidole, na kabla Juni haijaisha umeshapitishwa. Hata ungekuwa na vifungu vya dhahabu tupu, huwezi kumpa mtu sheria nane leo ukamwambia leta maoni keshokutwa, halafu ukasema wananchi walishirikishwa. Huko ni kumkaribisha mgeni mezani wakati sahani zinaoshwa.

Najua mtakachosema, maana jana mlikisema kwa kupokezana. Kwamba hata tukitoa maoni ni bure, chama kikishaamua kimeamua. Hoja hiyo ina uzito, siwezi kuipiga teke. Mbunge anayempinga waziri wa chama chake anajua jina lake linapitia wapi uchaguzi ukikaribia.

Lakini tazameni sheria ya takwimu. Septemba 2018 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya kuwa kosa kusambaza takwimu zinazopingana na zile rasmi, na adhabu yake faini au jela. Fikiria wewe unayekusanya dodoso za utafiti wako wa mwaka wa tatu! Kelele zikapigwa, Benki ya Dunia nayo ikasema hadharani kwamba ina wasiwasi. Mwaka 2019 kifungu hicho kikalegezwa, ndani ya daladala lile lile la sheria nane. Kumbe sheria inaweza kurudi gereji. Ila aliyesikika zaidi ni mwenye hela. Mwanafunzi hakusikika, kwa sababu mwanafunzi hakusema. Siwezi kuahidi kwamba tukisema tutasikilizwa. Ninachojua ni kwamba tukinyamaza, waziri anasimama na kusema wadau hawakuwa na pingamizi, na hatuna karatasi ya kumwonyesha.

Zamani tulikuwa na kisingizio cha lugha. Miswada mingi iliandikwa Kiingereza cha mawakili, wabunge wakaijadili kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. (Na mabadiliko hayo nayo yalikuja kwa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, mkitaka kucheka.)

Sasa nasema hivi, na mnichape kwenye maoni hapo chini kama nimekosea.

Serikali ya wanafunzi iache kutuletea bonanza na mashindano ya urembo peke yake. Iwe na mtu mmoja, mmoja tu, wa kufuatilia miswada kwenye tovuti ya Bunge na kubandika kwenye mbao za matangazo ile inayogusa mikopo, elimu na ajira. Wenzetu wa kitivo cha sheria watufafanulie. Na wewe usiye na muda, soma mwishoni, penye "Madhumuni na Sababu". Hapo serikali yenyewe inaeleza kwa nini inataka kubadilisha sheria. Mara nyingi ni kurasa chache tu, pungufu ya zile unazosoma kila siku kwenye simu kuhusu usajili wa wachezaji. Ukiona jambo, andika barua kwa kamati. Ukurasa mmoja, taja kifungu, sema kibaya nini, pendekeza maneno mengine. Sisi ni walimu watarajiwa bwana, kama hatuwezi kuandika ukurasa mmoja tutafundisha nini?

Mimi nimeanza na deni langu. Leo asubuhi nimempigia mwalimu mlezi wangu wa TP, nikamwomba awaambie wale watoto wa Kidato cha Pili kwamba jibu langu lilikuwa pungufu. Alicheka sana. Akasema, "Haya, nitawaambia mwalimu wenu amesahihisha." Halafu akaniuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya kucheka, kama kwenye hiyo miswada mipya kuna chochote cha kushusha ile 15, maana naye anakatwa.

Nikamwambia sijaangalia. Naenda maktaba sasa hivi kuangalia. Nani ananisindikiza?

Alamsiki.