Majani ya Mkorosho na Mvua ya Kwanza

Vitabu vya elimu ya misitu vilivyotungwa katika nchi za baridi hueleza kwamba maji yaliyomo ndani ya majani yaliyoanguka huganda, yakatanuka na kuzipasua seli. Barafu ikiyeyuka, vijidudu vya udongo hukuta chakula kimekwisha kulainishwa. Nchini Tanzania ardhi huganda usiku na kuyeyuka mchana huko juu Kilimanjaro, lakini mahali hapo hapana msitu tena.

Mwanafunzi wa Newala, juu ya ukingo wa Uwanda wa Makonde, au wa Masasi, chini upande wa magharibi, hajapata kuona barafu ardhini. Hata hivyo anacho kiangazi, ambacho hufanya kazi inayofanana sana na hiyo. Kuanzia Juni hadi Novemba mvua ni haba mno. Majani na udongo hukauka, na vijidudu vingi hufa. Mvua ya kwanza inyeshapo, vilivyosalia huvila vilivyokufa pamoja na mboji iliyolegezwa na ukavu, navyo huzaliana kwa kasi. Kwa siku chache udongo hutoa hewa ya kaboni kwa wingi, na naitrojeni iliyofungwa hufunguliwa ikawa chakula cha mimea. H. F. Birch alilichunguza jambo hili Muguga, Kenya, akachapisha matokeo yake mwaka 1958, na hadi leo wanasayansi huliita kwa jina lake. Ni ajabu kwamba elimu iliyotoka katika udongo wa Afrika Mashariki haitajwi sana madarasani mwake.

Kwa hiyo desturi ya kuchoma majani chini ya mikorosho yastahili kuhojiwa. Mkulima anazo sababu, wala si za kipuuzi: korosho huokotwa chini, na penye majani mengi hupotea, tena majani makavu huweza kuleta moto wa kuteketeza shamba zima. Kusafisha, basi, ni lazima. Kuchoma si lazima. Moto huipeleka angani sehemu kubwa ya naitrojeni. Jivu lina potasiamu na chokaa, lakini hupeperushwa na upepo, au huzamishwa na mvua katika mchanga usioshika kitu: mchanga ule ule uliowalazimisha kina mama wa Newala, miaka mingi, kuteremka mabondeni kutafuta maji. Afadhali majani yakusanywe katika mashimo mafupi kati ya safu za miti, yafunikwe kwa udongo kidogo ili moto usiyafikie, yangoje Desemba.

Shule za wilaya hizo mbili zingeweza kulipima jambo hili kwa nyavu na mizani tu. Vifuko vya wavu vyenye majani yaliyopimwa uzito vilazwe chini ya mikorosho mwezi Agosti. Vingine viondolewe kabla ya mvua, vingine mwezi mmoja baada ya mvua kuanza. Majani yakaushwe vizuri kabla ya kila kipimo, la sivyo mizani itapima maji.