Klachi Mpya na Gia Ngumu: Yafaa Kupima Kabla ya Kufungua

Gari lililoongezewa nguvu ya injini kwa ajili ya mashindano aghalabu hufungwa klachi yenye uwezo mkubwa kuliko ile ya kiwandani. Hutokea mara nyingi kwamba siku ileile gari linapotoka gereji, gia hukataa kuingia. Gia ya kwanza huingia kwa kulazimishwa, rivasi hukwaruza, na gari husogea lenyewe ingawa pedali imekanyagwa mpaka chini. Hapo huanza lawama: mwenye gari humlaumu fundi, fundi huilaumu klachi, na giaboksi hushushwa tena kabla ya mtu yeyote kupima chochote. Desturi hiyo yafaa iachwe. Hitilafu ya namna hii hutafutwa kwa kipimo, na vipimo vinavyohitajika haviuzidi uwezo wa mwanafunzi wa kidato cha pili.

Kazi ya klachi ni kuunganisha injini na giaboksi, na kuzitenganisha dereva anapotaka kubadili gia. Sahani yenye nyuso mbili za msuguano hubanwa kati ya flaiwili na bamba la kukandamiza lenye springi. Uwezo wake hutegemea mambo manne: idadi ya nyuso, kiasi cha msuguano wa nyuso hizo, kani ya springi, na nusu kipenyo ya wastani ya sahani. Mtengenezaji atakaye klachi yenye nguvu zaidi bila kuongeza ukubwa wake hana budi kutumia nyuso zinazoshika zaidi, kuzidisha sahani, au kukaza springi. Mara nyingi hukaza springi.

Hapo ndipo mambo hubadilika. Springi ikikazwa, kila kitu kati ya mguu wa dereva na klachi hubeba mzigo mkubwa zaidi: pedali, ukuta wa bati ulioshika silinda ya juu, mpira wa mafuta, na uma unaosukuma beringi. Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba kitu chenye unyumbufu hunyumbuka kwa kadiri ya kani inayokivuta, maadamu hakijapita mpaka wake. Ikiwa kunyumbuka kwa sehemu hizo kulipoteza milimita 2 za mwendo zamani, kani ikizidi kwa nusu zitapotea takriban milimita 3. Klachi ya zamani ilivumilia upungufu ule. Mpya huenda isivumilie. Basi kifaa kipya chaweza kuwa kizima kabisa, nayo hitilafu ikawa katika jirani zake wa zamani.

Jambo la pili ni hewa. Mfumo wa mafuta ukifunguliwa, hewa hupata nafasi ya kuingia. Mafuta hayabonyei kwa kiasi cha kuonekana, lakini hewa hubonyea. Kwa kanuni aliyoitangaza Robert Boyle mwaka 1662, shinikizo likizidi mara 20, hewa hubaki sehemu moja tu ya 20 ya ujazo wake wa awali, iwapo joto halibadiliki. Ichukuliwe mathalani silinda ya chini yenye kipenyo cha sentimita 2. Eneo la pistoni yake ni sentimita 3.14 za mraba. Hewa ikisinyaa kwa sentimita moja ya ujazo, yaani moja ya tano ya kijiko cha chai, fimbo inayosukuma uma hupoteza milimita 3.2 za mwendo. Katika magari mengi madogo mwendo mzima wa fimbo hiyo haufiki milimita 20. Kwa hiyo tone dogo la hewa latosha kuizuia klachi isiachie.

Utafutaji wafaa uanze kwa lisilo na gharama. Kwanza, injini ikiwa imezimwa, gia zote zijaribiwe, gari likisukumwa kidogo iwapo meno yamegongana. Zikiingia kwa ulaini, na zikawa ngumu injini inapowashwa, giaboksi haina kosa kubwa, klachi haiachii. Zikiwa ngumu hata injini ikiwa kimya, vikaguliwe vyuma vya kubadilishia gia na mafuta ya giaboksi. Pili, gari likiwa mahali tambarare na wazi, breki ya mkono imevutwa, injini iwashwe, pedali ikanyagwe na kushikiliwa kwa sekunde 10, kisha rivasi iingizwe. Katika magari mengi rivasi haina sinkronaiza, kwa hiyo haifichi kitu. Ikikwaruza hata baada ya kungoja, sahani bado inazungushwa na injini. Ikinyamaza baada ya kungoja tu, huenda sahani mpya ni nzito na huchelewa kusimama. Hiyo ni tabia yake, na dereva hana budi kuizoea.

Tatu, pedali ipigwe mara kadhaa mfululizo. Hali ikipata nafuu, upepo utolewe na mipira ya silinda ikaguliwe. Nne, mwendo wa fimbo upimwe kwa rula na kulinganishwa na kitabu cha mtengenezaji. Fimbo irekebishwe kwa kipimo hicho, kwa maana ikirefushwa kupita kiasi klachi itateleza na vidole vya springi vitaharibika. Mwendo ukiwa kamili na klachi ingali haiachii, ndipo giaboksi ishushwe, na hapo kuna ya kutafuta: sahani iliyogeuzwa upande, sahani iliyopindwa na uzito wa giaboksi wakati wa kufunga, au pini za kuelekeza zilizosahauliwa.

Wapo watakaosema kwamba fundi mzoefu hutambua yote hayo kwa sikio. Huenda ni kweli, na uzoefu huo ustahiwe. Lakini sikio la fundi haliwezi kurithishwa kwa mwanagenzi katika siku moja, ilhali rula yaweza. Zaidi ya hayo, kosa lina bei. Sinkronaiza, ambayo Cadillac ya Marekani iliileta katika magari yake mwaka 1928, ni ringi ndogo iliyokusudiwa kulinganisha mwendo wa sahani iliyoachiwa. Gia ikilazimishwa wakati klachi haiachii, ringi hiyo hupambana na injini nzima, nayo huliwa. Hitilafu ya tone la hewa huishia kuwa gharama ya giaboksi, na gari lisilotii pedali ni hatari kwa waendao kwa miguu mbele yake.

Afrika Mashariki, ambako mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, klachi si neno geni kwa mwanafunzi. Mwalimu wa fizikia anayefundisha Hooke kwa springi na mizani, na Boyle kwa bomba la kioo, aweza kulipeleka darasa lake gereji kwa saa moja, kila mwanafunzi akiwa na rula na daftari. Huko wataona kanuni zilezile zikiamua kama giaboksi ishushwe au iachwe mahali pake.