Tarizi si Kupitisha Wakati

Kuna sentensi moja inayoniudhi kila ninapoisikia: "Wale kina mama hutarizi ili kupitisha wakati." Nimeisikia kwa watalii, kwa wauza nguo, hata kwa wanafunzi wenzangu tuliofuatana hadi Kutch, katika jimbo la Gujarat, pale India inapopakana na Pakistan. Naipinga, na sababu ninazo.

Watarizi niliokaa nao hushona mtindo uitwao soof. Asili yake ni Sindh, ng'ambo ya mpaka. Familia nyingi zenye ujuzi huo ziliingia Kutch kama wakimbizi wa vita vya mwaka 1971. Nyumba na mashamba yalibaki nyuma. Ujuzi ukavuka nao. Soof haichorwi kwanza kwenye kitambaa. Mtarizi huhesabu nyuzi za kitambaa moja moja, tena akishonea upande wa nyuma, na maua ya pembetatu yakajitokeza mbele asikokuona. Niliketi mkekani pamoja nao, sindano mkononi, na saa nzima ikanipa pembetatu moja ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Hesabu ya namna hiyo ingefanywa na mwanamume mwenye duka, tungemwita fundi bila kusita.

Wengine huja na neno tamu zaidi: urithi. Eti ni mila yao, wanatarizi kwa mapenzi. Basi tuwaulize wenye mila. Mwaka 1995 wazee wa Warabari wa Dhebaria, wafugaji wa huko huko Kutch, walipiga marufuku wanawake wao kutarizi nguo za matumizi yao wenyewe. Bibi harusi alitakiwa amalize kwanza nguo za kwenda nazo kwa mume, na miaka ikawa inapita bado anashona. Siwatetei wazee hao. Nasema tu kwamba hata aliyekataza alijua tarizi hula miaka ya mtu. Mnunuzi anayetaka apunguziwe nusu ya bei hajui, au anajifanya hajui.

Sina ugomvi na mashine pia. Ugomvi wangu ni na mfanyabiashara anayeuza kazi ya mashine kwa jina la kazi ya mkono, mpaka bei ya mashine ikageuka kipimo cha kumpunjia mwanamke anayelipwa kwa kipande.

Na sisi wa pwani tusidhani haya ni ya Wahindi peke yao. Kutch ni jirani yetu wa bahari. Majahazi ya Mandvi yalikuja kwetu na kaskazi kwa karne nyingi. Tazama kofia ya viua. Hushonwa tundu kwa tundu, wiki baada ya wiki, mara nyingi na mwanamke aliye nyumbani. Siku ya Idi tunaivaa kwa fahari. Siku ya kuinunua tunaibishania kama fungu la mchicha.

Ninachodai ni kidogo. Kabla ya kutaja bei yako, muulize aliyeshona imemchukua siku ngapi, kisha zidisha kwa ujira wa siku ambao wewe mwenyewe ungekubali kuufanyia kazi. Ukiona ni ghali, iache. Kutonunua si dhambi. Dhambi ni kuusifu mkono wa mtu huku unamnyima haki yake.