Waya au nailoni? Kipande kidogo kinachoamua faida ya mvuvi wa mshipi

Mvuvi wa mshipi anaporudi pwani mikono mitupu, lawama huangukia upepo, mwezi au bei ya mafuta. Ni mara chache lawama hizo kuangukia kile kipande kifupi kinachofungwa kati ya mshipi na ndoana. Lakini hicho ndicho kinachopita kwenye meno ya samaki. Kwa wavuvi wa nguru na mzia wa pwani ya Afrika Mashariki, ndicho kinachoamua kama samaki aliyenasa atafika mnadani au ataondoka na ndoana.

Katika miaka ya karibuni suala hili limefika hadi kwenye meza za mikutano ya kimataifa. Tangu Januari 1, 2024, meli za mishipi mirefu zinazovua jodari katika Pasifiki ya Magharibi na Kati, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 20 kusini, zimezuiwa kutumia vipande vya waya. Marekani ilizizuia meli zake za Hawaii mwaka 2022, na Australia ilichukua hatua kama hiyo mwaka 2005 katika uvuvi wa jodari wa mashariki mwa nchi hiyo. Lengo ni kuwanusuru papa, ambao hukata nailoni na kwenda zao, lakini hushindwa kukata waya.

Masharti hayo hayamgusi mvuvi wa ngalawa wa Mafia au Lamu. Hata hivyo, ndani yake mna somo la biashara. Utafiti uliofanywa kwenye meli za Australia na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa nailoni ilipunguza papa na kuongeza jodari wa macho makubwa, ambao ndio waliokuwa na bei. Ndoana zilizopotea ziliongezeka, lakini faida ya jodari ilizidi hasara hiyo. Kwa maneno mengine, kifaa kinachopoteza ndoana nyingi kinaweza kuwa ndicho chenye faida zaidi.

Je, mvuvi wa nguru naye aache waya? Hapana. Jodari wa kawaida hana meno ya kukatia, ila ana macho makali na hukikwepa kitu asichokiamini. Nguru na mzia wana meno kama wembe, na nailoni nyembamba hukatika kwa pigo moja.

Mfano mdogo wa hesabu unaeleza tofauti hiyo. Tuseme siku moja nailoni inavutia nguru sita, lakini watatu wanaikata. Waya unaonekana zaidi, hivyo unavutia wanne tu, na wote wanapandishwa chomboni. Mwenye waya ana samaki wanne na ndoana zake zote. Mwenye nailoni ana watatu na amepoteza ndoana tatu. Nguru wa kilo 5 akiuzwa shilingi 8,000 kwa kilo, tofauti ya samaki mmoja ni shilingi 40,000, mbali na bei ya ndoana. Sasa tuseme samaki ni jodari: wote sita wa nailoni wanapanda, na mwenye waya anabaki na wanne wake. Hesabu imegeuka. Kinachofaa kuhesabiwa ni samaki waliopanda chomboni, wala si walioonja chambo.

Waya nao si wa aina moja. Waya wa uzi mmoja ni mwembamba na hauonekani sana, lakini ukipinda kona ni lazima utupwe, kwa kuwa hapo ndipo utakapokatika. Haufungwi fundo, bali husokotwa. Waya wa nyuzi nyingi ni laini na hufuata mwendo wa chambo, ila meno hukata uzi mmoja mmoja. Unapoanza kuonyesha nywele, umekwisha. Huu hufungwa kwa kibano cha chuma kinachokazwa kwa koleo. Aina zote mbili ziwe za chuma kisichoshika kutu. Waya uliochambuliwa kutoka kwenye breki ya baiskeli ni rahisi kupatikana, lakini maji ya chumvi huula upesi, na samaki mmoja mkubwa anaweza kugharimu kuliko waya mzuri.

Kwa anayerambaza kutafuta nguru, sentimita 15 hadi 30 za waya hutosha kwa kawaida. Urefu zaidi ya hapo humwonyesha samaki chuma bila faida. Maji yakiwa machafu, kama karibu na midomo ya Rufiji wakati wa mvua, waya hauna hasara kubwa. Maji yakiwa maangavu na samaki wakiwa waoga, nailoni nene ya paundi 80 au zaidi ni njia ya kati. Florokaboni ni ngumu na huonekana kidogo majini kuliko nailoni, lakini ni ghali, na meno huikata pia. Yeyote anayetumia nailoni aipapase kila baada ya samaki na kuikata sehemu iliyochubuka.

Kwa wenye dhulumati, uamuzi unamhusu papa zaidi. Kila ndoana inayoshikwa na papa haitashika jodari. Aidha, soko la nje la mapezi limebana. Mwezi Novemba 2022 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliingiza jamii nzima ya papa wa Carcharhinidae katika orodha ya wanaohitaji kibali ili kuuzwa nje, na utekelezaji ulianza Novemba 2023. Mfanyabiashara anayenunua mapezi bila kuuliza kuhusu kibali anaweka mtaji wake rehani.

Mkulima hapandi mbegu moja kwenye kila udongo, na mvuvi hana sababu ya kufunga kipande kimoja kwa kila samaki. Mizunguko miwili kwenye kisanduku, mmoja wa waya na mmoja wa nailoni nene, si gharama kubwa ikilinganishwa na mafuta ya safari moja. Kazi inayobaki ni kuandika: safari ngapi, samaki wangapi walipanda, ndoana ngapi zilipotea. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litamwambia mvuvi kipi kinamlipa katika maji yake mwenyewe.