Afya Nyumbani: Safari ya Kidonge cha Malaria

Jioni, wavuvi wa ndagala wawashapo taa zao na kuelekea kilindini mwa Tanganyika, ndipo mbu waanzapo kazi katika nyumba za Magara. Mtoto hulala mzima, akaamka na homa. Mama humpeleka kituo cha afya, damu hupimwa, na vidonge vya siku tatu hutolewa. Siku ya pili mtoto anacheza mchangani. Basi mama huvificha vilivyobaki ili vimfae mdogo wake. Huruma hiyo ina hatari, na asiyejua asili ya kidonge hawezi kuiona.

Asili yenyewe ni vitani. Katika vita vya Vietnam malaria iliwaangusha askari wengi, na klorokwini haikufua dafu tena. Tarehe 23 Mei 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya, na mwaka 1969 mtaalamu Tu Youyou alikabidhiwa kundi la watafiti mjini Beijing. Walipekua vitabu vya waganga wa kale, wakajaribu mimea ipatayo 200. Mmea mmoja mchungu, wa jamii ya pakanga, ulionyesha nguvu, kisha nguvu hiyo ikatoweka. Kitabu cha mganga Ge Hong, cha miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, kilieleza kuuloweka na kuukamua, wala hakikutaja kuuchemsha. Tu akatambua kwamba moto ndio ulioiharibu dawa. Akatumia etha, ichemkayo kwa joto dogo. Na Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliangamiza vimelea vyote katika panya.

Lakini kupona kwa panya si kupona kwa mtu. Mwaka 1972 Tu na wenzake wawili waliimeza dawa hiyo wao wenyewe, wakichunguzwa hospitalini. Walipoonekana salama, ndipo wagonjwa 21 wa kisiwa cha Hainan walipopewa. Mwaka 2015 Tu alitunukiwa Nishani ya Nobel.

Siku hizi dawa mpya hujaribiwa kwanza kwa wanyama, kisha kwa watu wachache wenye afya ili madhara yajulikane. Halafu kwa wagonjwa kadhaa, ili kipimo kifaacho kipatikane. Mwishowe kwa mamia au maelfu, ikilinganishwa na dawa ya zamani. Kila mshiriki huelezwa na kuridhia kwanza.

Burundi, baada ya mlipuko mkubwa wa malaria wa 2000 na 2001, iliiacha klorokwini, na mwaka 2003 ikaanza kutumia artesuneti, iliyotokana na mmea ule, pamoja na amodiakwini. Ya kwanza huua vimelea upesi lakini hutoka mwilini mapema. Ya pili hubaki na kumaliza masalia.

Kwa hiyo siku tatu si hesabu ya kubahatisha, wala kipimo kifuatacho uzito wa mtoto. Dozi ikikatizwa, vimelea vilivyo sugu ndivyo husalia vikazaana. Naye mdogo mtu hupewa kipimo ambacho hakuna aliyekithibitisha. Askari haachi doria usiku wa manane kwa kuwa kumetulia.

Na mtoto akitapika dawa au akitokwa na vipele, mzazi amweleze muuguzi bila kuchelewa. Madhara yaliyo adimu hujulikana dawa inapotumiwa na watu wengi, na taarifa ya mama wa Magara nayo ni sehemu ya uchunguzi huo.